Kokwa la parachichi la bibi: shajara ya mche wangu wa ndani, Tabata

Februari 4

Jana usiku saa nne nilikuwa stendi ya Magufuli pale Mbezi nasubiri basi la kutoka Tukuyu, kondakta akanishushia boksi la mama limefungwa kamba ya katani, ndani magimbi, ndizi na maparachichi kumi na nane kila moja limeviringishwa kwenye jani la mgomba lisigongane na mwenzake. Mama alikuwa ameshanipigia mchana. Aliniambia mwanangu hayo kula taratibu maana ndo ya mwisho, mti wa bibi yako mjomba ameukata juzi.

Sikulala vizuri. Ule mti nimeukwea tangu sijaanza shule. Bibi alikuwa anasema hakuupanda yeye, alitupa kokwa nyuma ya jiko mwaka aliozaliwa mama likaota lenyewe kwenye majivu, na kwa mvua za Tukuyu hilo sio jambo la kushangaza. Parachichi lake lina shingo ndefu kama kibuyu, ganda laini la kijani, nyama ya njano na halina nyuzi hata moja. Bibi alitutoka mwaka juzi.

Mjomba simlaumu kabisa. Ana watoto wanasoma, na wanunuzi wanaokuja na magari wanataka Hass tu, ile aina ya parachichi ya kuuza nje, kwasababu ngozi yake nene inavumilia safari ya meli, alafu likiiva linabadilika rangi linakuwa jeusi mtu anajua bila kulibonyeza, wakati la kienyeji lenye ganda laini likifika Dar limeshachubuka nusu. Mti wa bibi ulikuwa mkubwa unaziba jua eneo lote la nyuma. Hesabu zake ziko sawa. Ila asubuhi nimekula moja na mkate kabla ya kwenda kazini, kokwa likabaki mkononi, nikashindwa kulitupa.

Februari 6

Nimeamua. Makokwa matano, yale makubwa yasiyo na mkwaruzo.

Sina uwanja. Naishi ghorofa ya pili, chumba na sebule na kibaraza cha kuanikia nguo, kwahiyo huu mti utakuwa wa ndani, kwenye ndoo, karibu na dirisha la sebuleni linaloangalia mashariki. Najua parachichi la kokwa linaweza kuchukua miaka mitano, na mengine zaidi ya kumi, mpaka lizae, na likiwa ndani ya nyumba kwenye ndoo uwezekano wa kuzaa ni mdogo sana. Sitafuti tunda. Nataka kitu kilichotoka kwenye ule mti kiwe hai humu ndani.

Nilivyogawa: mawili kwenye glasi za maji, nimechoma vijiti vya meno vitatu vitatu kiunoni kwa kila kokwa yakae juu ya mdomo wa glasi, upande uliobapa chini uguse maji, ule uliochongoka juu. Hapa usikosee maana mzizi unatokea upande uliobapa. Mawili mengine nimeyafukia kwenye makumbi ya nazi yaliyolowa. Wengi wanaelekeza utumie mfuko wa plastiki na karatasi laini, ila mifuko ya kubebea ilishapigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, mimi nikatumia kopo la siagi la kilo moja lenye mfuniko, na makumbi nimepewa bure na muuza nazi wa pale karibu na kituo, nikayachambua kwa mkono mpaka yakawa kama sufi. Yote manne nimeyamenya lile ganda jembamba la kahawia baada ya kuyaloweka usiku mmoja kwenye maji ya vuguvugu, likimenywa maji yanaingia haraka.

La tano nimeliweka dirishani likauke kwanza, kama tunavyofanya mbegu za mahindi nyumbani.

Februari 13

La dirishani limekufa. Limesinyaa, limepasuka vipande viwili, ndani rangi ya chungwa iliyokolea na gumu kama ubao.

Hili nimelifuatilia kwasababu liliniuma. Mahindi na maharage mbegu yake inakauka inalala, unaihifadhi mpaka msimu. Kokwa la parachichi halilali, kama embe, kama fenesi, kama kakao. Limejaa maji na liko tayari kuota muda wowote, likikauka chembe hai zake zinakufa na hata ukiliweka kwenye maji mwezi mzima haliamki. Sasa hivi Dar jua la saa saba nyuzi 32 na zaidi kwenye kioo cha dirisha, kokwa halikuwa na nafasi. Kwahiyo ukitoa kokwa kwenye tunda lipande siku hiyo hiyo, na kama umesafiri nalo lifunge kwenye kitambaa kibichi.

Februari 18

Asubuhi nimeinua glasi nikaona vitu vinacheza cheza ndani. Viluwiluwi vya mbu. Saba kwenye glasi moja.

Nimemwaga yote palepale na kusugua glasi kwa sabuni. Hapa naongea kwa uzito kwasababu Dar tuliugua dengi 2014 na tena 2019, na dada yangu wa Kimara alilala kitandani wiki nzima ile ya 2019 anasema mifupa inavunjika. Yule mbu wa dengi anayeng'ata mchana anapenda kutaga hasa kwenye maji yaliyotulia kwenye vyombo vidogo karibu na watu, ndoo, tairi, sahani ya chini ya ua. Na glasi. Kuanzia yai mpaka mbu anaruka kwa joto letu ni kama wiki moja hadi siku kumi. Kwahiyo utaratibu mpya ni kubadilisha maji kila siku ya tatu bila kukosa, na kusugua ukingo wa glasi kwa ndani maana mayai yanang'ang'ania hapo, ukimwaga maji tu yanabaki. Juu nimefunika kipande cha chandarua cha zamani na raba ya kufungia hela.

Kama huwezi kubadilisha maji kila siku tatu usitumie njia ya glasi. Tumia kopo na makumbi.

Februari 27

Kopo: moja limepasuka! Mstari kutoka juu mpaka chini, ndani unaona weupe. Siku ya 21 tangu niyaweke.

Glasi: bado kimya. Maji yanakuwa na rangi ya chai hafifu kila nikibadilisha, harufu hakuna.

Machi 8

Kokwa la kopo limetoa mzizi mweupe mnene, sentimita tatu. Nikifunua mfuniko inanuka kama udongo wa nyumbani mvua ikianza.

La pili la kopo limeoza. Kwa chini limekuwa teketeke, na makumbi ya upande ule yalikuwa yanatiririka maji. Niliyalowesha mno. Yanatakiwa uyakamue kwa nguvu kwanza, ukifungua mkono yabaki na unyevu lakini yasidondoshe tone. Mizizi nayo inavuta hewa, ikikaa kwenye maji yasiyo na hewa inaoza, na mti wa parachichi kwa kuoza mizizi unajulikana dunia nzima.

Machi 19

Masika imefika usiku, radi mpaka umeme ukakatika, asubuhi barabara ya kwetu imekuwa mto. Bomba linaloshusha maji ya mvua kutoka paani limepita pembeni ya kibaraza changu na lina kiungo kinachovuja, nimetega dumu la lita ishirini likajaa kabla sijamaliza kunywa chai. Maji ya kwanza kwanza nimeyamwaga kwasababu yanaosha vumbi na uchafu wa ndege, ya baadae ni masafi. Nilitega kwa ajili ya kufulia. Sikujua yatakuja kuwa ndo habari yenyewe.

Kwenye glasi moja kokwa limepasuka na mzizi mdogo unachungulia. Siku ya 41. Ile nyingine kimya.

Aprili 6

CHIPUKIZI. La kopo. Nilikuwa nafagia nikaona kitu chekundu chekundu kimesimama katikati ya ule mpasuko kama njiti ya kiberiti. Nimempigia mama saa hiyo hiyo alikuwa kanisani hakupokea, akapiga baadae nikamwambia mama mtoto wa mti wa bibi ametoka, akakaa kimya kidogo, akaniuliza majani yana rangi gani. Nikamwambia bado hayajafunguka. Akasema yakifunguka yatakuwa mekundu kama shaba kwanza ndo yawe kijani, ndivyo yalivyokuwa ya ule.

Aprili 14

Mama alikuwa sahihi.

Nimelihamishia kwenye ndoo ya rangi ya lita nne niliyoiosha sana. Mchanganyiko: udongo mweusi ndoo moja nilionunua kwa wauza maua wa barabarani, mchanga wa mto nusu ndoo, makumbi nusu ndoo, samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri vikombe viwili tu. Chini nimetoboa matundu manane kwa msumari uliopashwa moto. Vijana wauza maua waliniambia wengi wanatoboa tundu moja katikati, ndoo ikikaa kwenye sahani linaziba, bora utoboe na ubavuni chini kidogo. Ushauri mzuri sana na nimeufanya.

Kokwa usilifukie lote. Nusu ya juu ibaki nje unaiona, ukifukia yote na udongo ukakaa na maji linaoza kabla mti haujaanza kujitegemea. Bado lina chakula, mti unanyonya humo kwa miezi kadhaa, kwahiyo usilikate hata kama linaonekana limechakaa.

Mei 3

Sentimita 19, majani sita. Leo nimefanya kitu kigumu, nimekata kilele, nimebakiza kama sentimita tisa. Mkono ulitetemeka. Ila mche wa ndani ukiuacha unakimbilia mwanga unakuwa mrefu mwembamba kama fimbo na majani machache juu, ukikata kilele ukiwa mdogo machipukizi ya pembeni yanaamka unatawanyika. Mkasi niliuchovya kwenye spiriti kwanza.

La glasi nalo lina shina sasa, sentimita nane, nimelipanda kwenye kopo na kumpelekea dada Kimara. Bibi alikuwa wake pia. Nimemkumbusha kitu kimoja kwa msisitizo, watoto wake wanafuga sungura, na majani ya parachichi yana sumu inayoitwa pesini, sungura, mbuzi na ndege wakila wanaweza kuumwa moyo na kufa. Amelipandisha juu ya kabati la vyombo karibu na dirisha.

Kokwa la glasi ya pili halikuota. Nimelifukia kwenye mchanga kibarazani kwa heshima, sikuona vizuri kulitupa kwenye gari la taka.

Mei 24

Matawi mawili mapya, majani kumi na moja. Namwagilia maji ya mvua kila siku ya nne, namwaga mpaka yatoke chini. Kipimo changu ni kidole, nazamisha mpaka pingili ya pili, kukiwa na ubichi naacha. Parachichi likiwa na kiu majani yanalegea, na likizidiwa maji majani yanalegea vilevile, kwahiyo ukiangalia jani peke yake utadanganyika. Weka kidole.

Juni 9

Mvua imeisha. Dumu la mwisho nimelimaliza. Kipupwe kimeanza, usiku kuna upepo wa kusi mzuri, mche uko salama, sina la kuandika.

Juni 27

Ncha za majani ya chini zimekuwa kahawia. Majani manne. Nadhani ni upepo wa kusi, umekausha. Nimeongeza maji, sasa kila siku mbili.

Julai 5

Imekuwa mbaya zaidi. Majani nane sasa, yameungua kuanzia ncha na kushuka pembezoni mwa jani pande zote mbili, katikati bado kijani. Yanakauka kama karatasi iliyopitiwa na moto ukingoni. Mawili yameanguka. Nimekaa mbele ya ndoo usiku wa leo nikahisi nampoteza bibi mara ya pili.

Nimewaza yote. Wadudu? Nimegeuza kila jani na tochi ya simu, hamna wale weupe kama pamba, hamna utando. Jua? Dirisha ni lile lile. Mizizi kuoza? Udongo haunuki na maji yanatoka chini vizuri.

Julai 8, ndefu kidogo

Jumamosi nimeenda Kimara kwa dada. Mche wake uko juu ya kabati, mwembamba, hajawahi kuupa samadi, na majani yote safi mpaka nchani. Kokwa la mti ule ule, jiji lile lile, upepo ule ule. Nikamuuliza unamwagilia nini, akanishangaa, akasema maji ya bomba si haya haya tunayokunywa.

Nilisimama pale jikoni nikaelewa. Kwao ni maji ya bomba ya mto Ruvu. Kwetu Tabata kwenye hili jengo tangu mwezi wa sita mwanzoni mgao umekuwa mara moja kwa wiki na mama mwenye nyumba anajaza tenki kwa kisima kilichochimbwa uani, na hayo maji kila mpangaji anayajua, sabuni haitoi povu, ukiogea ngozi inavuta, birika lina gamba jeupe, chai ukipikia ina ladha ya chumvi hata kabla ya kitu chochote. Mimi kunywa siyanywi. Lakini mche wa bibi nimeunywesha mwezi mzima, na nilipoona unaugua nikauongezea dozi.

Nimerudi nyumbani nikaangalia udongo kwa karibu. Juu pembezoni mwa ndoo kuna unga mweupe. Nimeugusa na ulimi, chumvi.

Basi inavyokwenda ni hivi. Parachichi ni katika miti ya matunda inayoshindwa kabisa kuvumilia chumvi. Mizizi inavuta maji pamoja na chumvi iliyoyeyuka, maji yanapanda mpaka kwenye jani yanatoka kama mvuke, chumvi haiwezi kutoka na mvuke inabaki, na inajilimbikiza pale safari inapoishia yaani nchani na ukingoni. Ndo maana inaanza ncha, na majani ya zamani yanaanza kwasababu yamepokea kwa muda mrefu. Na kwenye ndoo ni vibaya kuliko shambani, kila ukimwagilia maji yanakauka chumvi inabaki, wiki ijayo unaongeza nyingine juu yake.

Na kuna lingine. Maparachichi yana jamii tatu za asili, mbili ni za milimani, Mexico na Guatemala, ya tatu ni ya nchi za joto bondeni inaitwa ya West Indies, na hiyo ya bondeni ndo inavumilia chumvi kuliko wenzake, ya Mexico ndo dhaifu zaidi. Mti wa bibi umekulia Tukuyu karibu mita 1,600 juu ya bahari, kwenye ukungu na mvua. Haujawahi kuonja chumvi maisha yake yote.

Julai 9

Nimeuosha udongo. Dada amenipa dumu la lita ishirini la maji ya Ruvu nimelileta na bodaboda. Nimeiweka ndoo bafuni, nikamwaga lita nne polepole, nikasubiri yachuje, tena lita nne, nikasubiri, tena lita nne. Yaani mara tatu ya ujazo wa ndoo. Maji ya kwanza yaliyotoka chini niliyaonja, ni chumvi kuliko ya kisima chenyewe. Ya mwisho yalikuwa na ladha ya udongo tu. Ule unga mweupe niliukwangua kwanza na kijiko nikautupa.

Majani yaliyoungua sijayakata yote, sehemu ya kijani bado inafanya kazi. Mbolea hakuna kabisa, mbolea nayo ni chumvi, na samadi mbichi ndo usiisogeze.

Julai 20

Tatizo la chanzo. Siwezi kubeba dumu toka Kimara kila wiki.

Ofisini Posta kiyoyozi chetu kinadondosha maji kwenye kidumu nyuma ya mlango, mhudumu anayamwaga kila jioni. Yale maji ni unyevu wa hewa uliogeuka matone kwenye vyuma vya baridi, hayajapita ardhini kwahiyo hayana chumvi, kwa hewa ya Dar ilivyo na unyevu kiyoyozi kimoja kinajaza lita kadhaa kwa siku. Ya kunywa hapana, yanapita kwenye vumbi na ukungu wa mashine, ila ya kumwagilia ua ni mazuri sana. Nimeongea na mhudumu kwa adabu, shikamoo mama, naomba yale maji usiyamwage, akacheka akaniuliza nyumbani kwenu hakuna maji? Nikamweleza habari ya bibi mwanzo mpaka mwisho. Sasa ananiwekea mwenyewe kwenye chupa ya lita moja na nusu, na mimi kila Jumatatu na Alhamisi napanda nayo daladala.

Agosti 11

Jani jipya, jekundu kama shaba. La kwanza tangu Juni. Limekunjuka lote na ncha yake ni nzima.

Mama mwenye nyumba nimemwonyesha ule unga mweupe na majani yaliyoungua, nikamwomba kwenye yale mabati ya chini ya upande wa uani atuwekee mfereji na tenki la mvua kabla ya vuli. Amesema ataongea na fundi. Yeye nae mchaichai wake hautoki, kumbe anamwagilia yale yale.

Agosti 25

Mama amepiga. Kisiki cha mti wa bibi kimechipua, machipukizi kama kumi na tano yamezunguka kisiki kizima.

Nilikuwa nasoma habari za Hass wiki hii nikapata kitu ambacho nimekifikiria sana. Kila mti wa Hass duniani unatokana na mti mmoja. Rudolph Hass alikuwa mtu wa posta huko California, miaka ya ishirini alinunua mbegu akapanda, akataka miche ile iwe ya kubebeshea Fuerte, yaani kuunganishia juu yake kijiti cha aina nyingine ya parachichi inayoitwa hivyo, mmoja ukakataa kila ulipobebeshwa, akauacha, nao ukazaa tunda ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akaupatia hataza (patent) 1935. Mti mama ulikufa kwa kuoza mizizi ukakatwa 2002, lakini vikonyo vyake, vile vijiti vya kuunganishia, vimeshabebeshwa kwenye mashina mamilioni, kwahiyo haujafa.

Yaani ile Hass iliyochukua nafasi ya mti wa bibi nayo ilikuwa kokwa tu lisilojulikana, kama la nyuma ya jiko. Tofauti ni kwamba kuna mtu alikata kikonyo.

Na hapa ndo lazima niandike ukweli, mche wangu wa Tabata sio mti wa bibi. Ni mtoto wake. Ua la parachichi linachanganya na la jirani, nyuki anabeba, kila kokwa linatoka na sura yake, tunda la mche huu likija kuzaa linaweza kuwa dogo, la maji, lenye nyuzi. Ukitaka ule ule wa shingo ndefu lazima ubebeshe kikonyo kilichotoka kwenye mti wenyewe. Na kisiki kimechipua. Na mti wa bibi wenyewe ulitokana na kokwa, haukubebeshwa, kwahiyo chochote kinachochipua pale hata chini kabisa ni yeye yule yule.

Nilimwambia mama haya yote kwa simu, mpaka salio likakata.

Septemba 2

Mjomba amenipigia mwenyewe. Shikamoo mjomba, marahaba, umesema nini kwa mama yako kuhusu kisiki? Alikuwa amepanga kubebesha Hass juu ya yale machipukizi mwezi huu, kisiki kina mizizi tayari kitazaa mapema. Nikamweleza. Akanyamaza, alafu akasema yale maparachichi hata yeye ndo alikuwa anakula na ugali alipokuwa mdogo. Amekubali kuacha chipukizi moja upande wa jikoni lisiguswe, na lingine atalikatia vikonyo yakikomaa kidogo, bado ni laini.

Septemba 14

Vipimo: urefu sentimita 44, majani 17 kati yake sita mapya yote mazima, matawi mawili. Shina kwa chini halijafika unene wa kalamu ya risasi, na mafundi wa kitaluni wanataka lifikie huo ndo libebeshwe. Nadhani Novemba.

Maji: lita moja na nusu ya kiyoyozi mara mbili kwa wiki, na mara moja kwa mwezi naosha udongo na dumu la dada.

Mama ametuma picha kwenye WhatsApp. Kisiki, machipukizi, na moja upande wa jikoni mjomba amelifunga kitambaa chekundu. Ni kipande cha kanga ya bibi, nimekitambua. Nimemwandikia mama vikonyo vikiwa tayari avikate asubuhi, ayatoe majani, avifunge kwenye jani la mgomba na kitambaa kibichi, visipigwe jua, ampe kondakta wa basi la asubuhi nitakuwa stendi usiku huo huo.